Blazia za Upande Mmoja

Njoroge alinipigia simu nikiwa nimeinama chini ya meza natafuta pini, na kwa kuwa Njoroge hanipigii bila kuomba kitu, nilipokea nikiwa na jibu la hapana mdomoni. "Nekesa, umekaa?" akaniuliza. Nikamwambia nimepiga magoti, aseme tu. "Basi Mzee Mutisya ametuacha. Juzi, akiwa amelala. Matanga iko kwa binti yake, Woodley. Wanataka mtu wa kazini aongee, na mimi si unanijua, nikishika maikrofoni natetemeka." Sikulia. Niliokota pini zangu zote, nikazirudisha koponi, nikaketi kwenye kiti cha wateja mpaka chai ikapoa. Mzee Mutisya ndiye aliyenifundisha kukata nguo. Kila sketi na kila kaptura ya shule inayotoka katika duka langu hapa Kinoo, kazi yake imo ndani. Na mimi nilimwacha aondolewe kazini kwa kosa langu, nikanyamaza, nikachukua meza yake. Hilo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata mume wangu, ambaye mimi humwambia mpaka ndoto zisizo na maana.

Siku ya matanga nilipitia tauni, katikati ya jiji, makusudi, ingawa kutoka Kinoo hadi Woodley haikunilazimu. Nilitaka kuuona mtaa wa Biashara kwanza. Wanaouzoea siku hizi wanafikiri ni mahali pa kununua nguo za watoto wachanga na vitambaa vya harusi, na hawakosei, lakini hawainui macho. Ukiinua macho juu ya vibao vya maduka utaona majengo yenyewe: mawe yaliyochongwa kwa mkono, madirisha ya mbao yaliyopakwa rangi juu ya rangi, na juu ya milango mingine mwaka wa ujenzi umechongwa, ila chokaa imeujaza na hausomeki tena. Duka la sare tulilofanyia kazi na mzee lilikuwa karibu na kona. Sasa limekatwakatwa vibanda, kijana mmoja anauza kava za simu mahali pale pale alipokuwa anaketi Mama Savita, tajiri wetu. Akanisalimia, "Sasa mathe, unatafuta nini?" Nikamwambia natafuta ngazi. Akacheka, akanionyesha kwa kidevu. Ngazi bado ipo, imejaa makatoni, na kule juu hakuna anayepanda.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili nilipoanza kuipanda ngazi ile. Nilikuwa nimepanga nusu ya chumba kule Ngara, na ninaposema nusu sina mzaha, kwa sababu nusu nyingine, ng'ambo ya pazia la maua, ilikuwa ya mume na mke waliokuwa wakigombana kwa kunong'ona ili wasinisumbue. Nilijua siri zao zote. Nilijua mke anataka warudi Kakamega na mume anataka kiti cha kinyozi, na asubuhi tulisalimiana kwa heshima kana kwamba pazia lile ni ukuta wa mawe. Kutoka Ngara nilitembea kwa miguu, nikavuka barabara, nikashuka mpaka Biashara mafundi wakiwa bado wanafagia vizingiti. Kazi niliyopewa ilikuwa vifungo na upindo. Hiyo ndiyo kazi ya wasichana katika maduka ya sare za shule: unashona vifungo, unapinda chini ya sketi, unakata nyuzi zinazoning'inia, unanyamaza. Meza ya kukatia ilikuwa ya mwanamume, mtaa mzima. Sikuwahi kuona mwanamke ameshika mkasi mkubwa pale, na hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini.

Mwenye duka alikuwa Mama Savita, mjane wa Kihindi, mwembamba, mwenye sauti iliyofika mpaka ng'ambo ya barabara. Aliketi mlangoni kutwa, na wazazi aliwajua kwa shule za watoto wao, hakuhitaji majina. Njoroge alikuwa kwenye cherehani nyuma ya duka, mdomo haupumziki. Mzee Mutisya alikuwa juu, kwenye dari ya mbao, na kwa sababu mwanga wa dirisha ulikuwa huko, nami nilipelekwa huko na kopo langu la vifungo. Chumba kile nikifumba macho nakiona: meza ndefu iliyong'aa kwa kuguswa, majora ya kitambaa yamesimama ukutani, kijani, maruni, buluu, na pateni za kadibodi, zile za kufuatisha chaki kabla ya kukata, zimetungwa kwenye misumari, kila moja imeandikwa kwa penseli. Sakafu ilikuwa na nyufa. Kila neno lililosemwa dukani lilipanda juu kwetu. Mwezi wa Januari tulisikia akina mama wakiapa kwamba duka la jirani ni nafuu, tukasikia Mama Savita akiwajibu, "Basi nenda jirani, salimia yeye," tukasikia kimya kidogo, kisha karatasi ya kufungia ikichanwa. Mzee Mutisya alikuwa akitikisa kichwa na kusema, "Amenunua."

Alikuwa Mkamba wa Machakos, mtu wa kanisa, shati limepigwa pasi hata siku ya mvua. Hakuwa anakata nguo tu. Aliwasoma watoto. Mtoto akiletwa, Mama Savita alimwita ashuke, naye alimwekea mtoto kiganja kichwani, akampapasa mabega, kisha akamsemesha mzazi mambo yasiyohusiana kabisa: unatoka wapi, babake ni mrefu, viatu vya huyu vilibana lini mara ya mwisho. Hapo ndipo aliamua ataacha upindo kiasi gani. Tuliuita ya kukua. Kila mzazi wa Nairobi anataka ya kukua, sare ivaliwe mwaka huu na mwaka kesho na ikibidi mwaka wa tatu, lakini ukiacha nyingi mtoto anachekwa shuleni, na ukiacha kidogo mama anarudi kabla ya Pasaka na kelele. Mzee hakukosea. Nimewaona akina mama wakija mwaka wa pili kufungua upindo, wakasema, "Huyu mzee ni mganga!" Naye akajibu, "La, ni fundi tu."

Ilikuwa mwezi wa pili, fujo ya Januari imeisha, aliponiita mezani kwa sauti ya chini. Mbele yake kulikuwa na majora mawili. "Nekesa, hii ni nevi ama ni nyeusi?" Nilidhani ananipima akili. Nikamwambia, mzee, hii ni nevi na hii ni nyeusi, si unaona. Nikamtazama vizuri, na kwa mara ya kwanza nikaona mboni zake zina ukungu mweupe, kama chai iliyotiwa maziwa kidogo. Akavuta stuli akaketi. "Tangu mwaka jana," akasema. "Mistari ya chaki naifuata kwa kidole. Rangi ndiyo inanishinda." Nikamuuliza kwa nini haendi hospitali. Akasema anaogopa kisu cha jicho, basi, hakuongeza hekaya. Kisha akaniambia lile lililobadilisha maisha yangu: "Wewe utakuwa macho, mimi nitakuwa kichwa. Nitakufundisha kukata. Lakini usimwambie mtu, hata Njoroge. Hasa Njoroge."

Sijapata kuwa na furaha kama ya miezi ile minne, nasema ukweli wangu. Asubuhi tulifunga mlango mdogo wa juu kwa kisingizio cha vumbi. Nilishika mkasi ule mzito wa chuma mpaka kidole gumba kikaota sugu, naye alisimama nyuma yangu akisikiliza. Ndiyo, akisikiliza. "Unatafuna kitambaa," alinikemea. "Mkasi usifungwe mpaka mwisho. Fungua tena kabla haujafika." Nikirekebisha alinyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikuwa sifa. Saa saba tulikula. Alikuja na muthokoi katika kibakuli cha bati, mahindi laini yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, mkewe akitia kitunguu kingi, nami nilinunua parachichi kwa mama wa kichochoroni. Ijumaa Mama Savita alitupandishia chapati nyembamba na achari ya ndimu iliyonitoa machozi. Tulikula kwenye meza ya kukatia tukiwa tumetandika gazeti, na mzee aliniambia nimsomee gazeti lenyewe kabla halijalowa mchuzi. Alipenda matangazo ya vifo. "Nisomee waliokufa," alisema, "tujue kama tunamjua mtu." Nilimpenda mzee yule. Sijui kama niliwahi kumwonyesha.

Baridi ya mwezi wa sita ilileta blazia. Shule moja ya wasichana iliagiza blazia za maruni, oda kubwa, na Mama Savita akaagiza kitambaa kutoka kiwandani, jora baada ya jora. Kitambaa cha blazia, kwa asiyejua, kina uso na mgongo: uso una manyoya laini, mgongo ni mkavu. Ukikitandaza uso kwa uso, kila ukikata unapata vipande viwili vinavyotazamana, cha kulia na cha kushoto, na koti linakamilika. Ukitandaza tabaka juu ya tabaka uso wote ukiangalia juu, bila kugeuza pateni, utapata upande mmoja tu. Hilo mzee alinifundisha siku ya kwanza. Kila siku kabla sijakata alipitisha kiganja katikati ya tabaka, moja moja, akihisi manyoya, ndipo aliposema kata. Lakini siku ile alikuwa ameitwa chini kupima mapacha wasiotulia, na mimi nilijiona nimeshakuwa fundi. Nilitandaza peke yangu, haraka, nikiimba. Akaniita kutoka chini ya ngazi: "Nekesa, umelaza uso kwa uso?" Nikajibu, "Ndio, mzee!" Sikuwa nimeangalia. Nilitaka tu akipanda akute nimemaliza. Nikakata, na mkasi ulikwenda vizuri ajabu.

Njoroge ndiye aliyegundua, kesho yake, akiunganisha koti la kwanza. Tulisikia cherehani ikinyamaza, kisha sauti yake, "Aii, hii nini? Mbona zote ni za kushoto?" Akavuta nyingine, na nyingine. Nilikuwa juu na sindano mkononi. Mzee alikuwa mezani. Aligeuza uso kuelekea kwangu, akakunja mikono ya shati polepole na kushuka ngazi, kiganja ukutani. Nilimsikia Mama Savita: "Mutisya, nani nakata hii?" Na mzee akajibu bila kungoja hata pumzi moja, "Mimi, mama." Mama Savita akageuza vipande mkononi. "Yote kushoto! Yote! Kitambaa nakwisha, kiwanda hapana toa rangi hii tena. Wewe nafanya kazi tangu baba ya bwana yangu, hapana kosea siku moja. Leo nini?" Mimi wakati huo nilikuwa nimesimama juu ya ngazi, mguu mmoja hewani. Nilijiambia nikishuka nitafichua siri yake ya macho, na niliahidi. Nilishikilia sababu hiyo kwa mikono miwili. Ndipo mzee akasema, tena kwa utulivu, kama anayeagiza uzi, "Ni macho, mama. Sioni vizuri. Ni muda sasa."

Basi siri ikawa haipo. Ameitoa mwenyewe. Na mimi nikawa sina sababu yoyote ya kubaki juu ya ngazi ile, isipokuwa moja, kwamba nilitaka kubaki kazini. Niliurudisha mguu. Nikaketi, nikaendelea kushona kifungo ambacho nilikuwa nimeshakishona. Chini Mama Savita alianza kulia, akimwambia mzee kwamba mumewe angekuwa hai angejua la kufanya, na mzee akawa yeye ndiye anayembembeleza. Walikubaliana aende nyumbani apumzike. Hakukuwa na kelele. Alipanda kuchukua kibakuli chake na koti, akanikuta nimeinamisha kichwa, akasema, "Haya, mama. Mkasi usiutumie kwa karatasi." Hakuwahi kuniita mama kabla ya siku hiyo. Nilisema, "Sawa, mzee." Maneno mawili, ndiyo niliyompa. Alasiri Mama Savita alipanda mwenyewe, akihema, akaniuliza, "Wewe najua kata kidogo?" Nikasema mzee alinionyesha. Wiki iliyofuata meza ililetwa chini dukani ili anione vizuri, na nikawa mwanamke wa kwanza kukata katika mtaa ule. Mafundi wa jirani walikuja kuchungulia mlangoni. Niliringa, siwezi kudanganya, hata kama usiku ng'ambo ya pazia walinisikia nikilia wakanong'ona, "Atakuwa ameachwa."

Alikuja mara moja tu. Ilikuwa mwezi wa kumi, saa ya chakula, mtaa umetulia kabisa, Mama Savita amekwenda kwa daktari wa meno na Njoroge yuko kwenye kiosk. Nilikuwa mezani, mkasi katikati ya kitambaa. Nikainua macho nikamwona amesimama mlangoni, kofia kichwani, shati limenyooka, na miwani myeusi ya kipofu. Nilijisemea, sasa macho yameisha kabisa, na wa kulaumiwa ni mimi. "Hodi," akasema. Sikujibu. Nilishusha kichwa, nikashika mkasi usitoe sauti, nikaacha kupumua. Nilijua haoni. Nilijua nikinyamaza ataamini duka halina mtu. Alisimama pale muda wa maziwa kuchemka, uso wake umenielekea. Kisha akasema, "Basi, sawa," akageuka akaenda. Nilimaliza kukata sketi ile. Ilikaa vizuri sana.

Miaka yote baadaye nimejitetea kwa ajili ya ngazi. Nilikuwa mdogo, nilikuwa nakaa nusu ya chumba, ningefukuzwa na yeye pia angefukuzwa. Mambo hayo yana ukweli wake. Kwa mlango sikujitetea, kwa kuwa niliona hakuna aliyeshuhudia. Nilipohama na kufungua duka langu nilisema nitamtafuta. Nikapata wateja, nikaolewa, nikazaa, nikasema nitamtafuta Krismasi. Aibu ikikaa inazoea nyumba, unaipitia kama kabati kuukuu na kuipangusa vumbi tu.

Woodley walikuwa wameweka hema uani, viti vya plastiki, sufuria kubwa za chai nyuma ya nyumba. Niliketi safu ya tatu. Mkwe wa mzee alisimama akachangamsha watu kwa kile alichokiita hadithi ya kila Krismasi, jinsi mzee, fundi asiyekosea, siku moja alikata blazia za shule nzima zikatoka za upande wa kushoto tupu. "Tukimuuliza ilikuwaje, anasema, hata mimi sijui, labda nilikuwa nawaza nyama!" Watu wakacheka mpaka wajukuu wakapiga makofi. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, ili nisionekane sicheki.

Mwende, binti yake, aliniletea chai na kuketi kando yangu. Ana uso wa babake, na shati lake limepigwa pasi. "Auntie Nekesa, hatujawahi kuonana lakini nakujua," akasema. "Yule mzee alikuwa anakusifu! Asante kwa kuja." Nikamwambia pole, nikamwambia kwamba kilichoniuma zaidi ni yeye kumaliza maisha yake gizani. Mwende akanitazama. "Giza gani?" Nikasema macho, jamani, si alikuwa haoni. "Aa, hapana. Ile kazi ikiisha ndio tulimshika kwa nguvu tukampeleka hospitali. Mwezi wa nane, mwaka huo huo. Mtoto wa jicho, walitoa pande zote mbili. Huyo alikuwa anasoma gazeti mpaka wiki iliyopita, tena bila kunyoosha mkono."

Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Nikamuuliza, na miwani? "Ile nyeusi? Daktari alisema avae akitoka nje, jua lilikuwa linamchoma. Siku ya kwanza ameruhusiwa kwenda tauni peke yake unajua alienda wapi? Kwenu. Alisema anataka kukuonyesha anaona." Nikauliza alisema nini aliporudi. Nilipaswa kunyamaza, lakini nilitaka kujua, na nilijua nitakalosikia litakaa nami mpaka nife. Mwende akatabasamu akikumbuka. "Alirudi amefurahi. Alisema, 'Nimemwona Nekesa. Yuko mezani, anakata vizuri, mkasi haufungi mpaka mwisho. Alikuwa na kazi nyingi hakunisikia. Nikaona nisimsumbue.'"

Mkwe alikuwa ameshika maikrofoni tena, anamwita mtu wa kazini. Mwende akanisukuma bega kwa upole. Nilikuwa nimeandika hotuba fupi kwenye karatasi, juu ya muthokoi na ya kukua na jinsi alivyowapapasa watoto mabega, hotuba nzuri, nilikuwa nimeirudia mbele ya kioo. Niliiacha kwenye kiti. Nilitembea mpaka mbele, nikapokea maikrofoni, nikawaona wajukuu wake wote wamekaa chini kwenye mkeka wakinitazama, bado wana kicheko cha hadithi ile usoni.

"Naitwa Ruth Nekesa," nikasema. "Zile blazia nilizikata mimi."